Shimo Kwa Shamba Kavu

Mliniacha wiki ile nimesimama na kiboko mkononi, ng'ombe ya jirani imezama mguu ndani ya shamba yangu mpya, na mimi sijui kama nilie ama nicheke. Bado niko hapo hapo. Sijatoka. Na leo mtajua kwa nini sitoki.

Juzi mama mmoja anauza omena, wale dagaa wa ziwa, pale soko ya Busia alinishika mkono. "Ni wewe Ogweno wa gazeti? Pole mzee, lakini wewe ni mtu wa mkosi." Nikamwambia, mama, mtu wa mkosi hana shamba. Mimi ninayo. Pima omena yako.

Kwa yule anaanza na sisi leo, keti nikuambie haraka. Maji ya ziwa ilinifukuza kwa boma ya baba yangu kule chini, upande wa Port Victoria. Ilibeba ghala, ikabeba mlango, ikabeba hata kuku ikiwa imelalia mayai. Nikanunua pahali Marachi, wakati wa kiangazi, nyasi kijani safi, nikasema Mungu ameniona. Mvua ikakuja. Kumbe nilikuwa nimenunua kinamasi. Vyura walikuwa wanaimba chini ya kitanda.

Bibi yangu Gaudencia hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba Maureen, ukinipeleka kwa maji tena, mimi nitarudi kwetu na wewe utaoa chura."

Ndiyo nikapanda juu, Malaba, mpakani na Uganda, kwa Wateso, pahali udongo ni mwekundu na mawe iko karibu. Ignatius ndiye alikuwa anauza. Kijana wa makamo, kiatu kinang'aa hata kwa matope, ulimi tamu.

Na nilipima hiyo shamba, wajukuu wangu! Mtu asiwadanganye ati Ogweno alinunua na macho imefungwa.

Sikuja kiangazi. Nilikuja msimu wa mvua, hiyo nilikuwa nimefunzwa na vyura. Nikavua viatu, nikatembea kutoka kona hadi kona, nasikiliza baridi kwa nyayo. Nikatafuta yale majani ya ndago yanapenda kukaa na maji. Hakuna. Nikatafuta mashimo ya kaa. Hakuna. Nikaangalia miti kama iko na ile alama ya matope mafuriko inaacha ikirudi. Hakuna. Mvua ilipopumzika nikafunika sufuria chini jioni, asubuhi nikainua. Ndani kavu kama koo ya mtu amekimbizwa.

Halafu nikauliza kaburi. Hiyo huku kwetu kila mtu anauliza. Unanunua shamba, unauliza ni nani amelala hapa, kwa sababu hakuna mtu anajenga juu ya mtu. Ignatius aliapa mbele ya wazee, kofia kifuani. "Hapa hakuna mtu wetu. Wote wamelala kule ng'ambo ya barabara."

Kitu moja sikuuliza. Sikuuliza hii shamba imeficha nini. Na hata wewe hungeuliza. Mtu wa mpaka haulizi mwenzake hiyo maneno. Ukiona mtu anapita na gunia kwa baiskeli, unasema habari ya asubuhi. Husemi umebeba nini. Hiyo ni heshima yetu, tumezaliwa nayo. Ukianza kuuliza, watu wananyamaza, wanafikiria wewe ni wa kastam, wale wa kushika magendo.

Sasa turudi kwa ng'ombe.

Mwenye ng'ombe ni Opolot, jirani yangu, mzee Mteso mpole, maneno yake machache. Wateso wanajua kulima na ng'ombe vile sisi watu wa ziwa tunajua wavu. Ile ng'ombe yake ya upande wa kulia inaitwa Dereva. Dereva alifika katikati ya shamba akinilimia, jembe nyuma yake, akasimama.

"Wacha, mzee," Opolot aliniambia. "Dereva akisimama ako na sababu."

"Sababu yake ni nyasi!"

Nikaichapa. Ikaenda hatua moja, na udongo ukafunguka.

Tuliitoa na kamba, na mbao, na makelele ya kijiji nzima. Ilitoka inatetemeka, lakini mguu mzima, Mungu asifiwe. Pale ilikuwa imezama kukabaki shimo nyeusi, na mdomoni vipande vya magogo imekuliwa na mchwa. Mtu alikuwa amefunika hiyo shimo na magogo, akaweka udongo juu, akaenda zake. Zamani.

Opolot aliangalia hizo magogo. Halafu akaanza kufungua nira pole pole, kama mtu anatoka kanisani kabla ya sadaka.

"Opolot, hii ni nini?"

"Ni shimo."

"Naona ni shimo. Ya nani?"

"Mimi sikuona kitu, mzee. Mimi ni mtu wa ng'ombe."

Hapo nilijua ameona.

Kabla chai ya saa nne ishuke tumboni, Ignatius alikuwa amefika. Nani alimwita? Mpaka leo sijui. Alikuja mikono kichwani, na binamu zake wawili nyuma, wote wanalia na hakuna hata mmoja ako na machozi.

"Babu yangu! Jamani, mmefukua babu yangu!"

Nyuma yao, pikapu nyeupe. Abdulnoor akashuka, mwenye malori pale Busia mjini, kofia yake ya kushona, viatu vyake vya kuogopa vumbi. Mimi nikajiuliza, huyu mtu wa malori amekuja kulia babu ya Mteso kwa nini?

Na nyuma ya pikapu, sabuchifu na baiskeli.

"Ignatius," nikamwambia, "si uliapa hapa hakuna mtu?"

"Nilikuwa sijui! Mama alinificha. Babu alizikwa hapa mwaka wa njaa."

"Njaa gani?"

"Ile njaa."

"Ignatius, njaa zimepita nyingi. Ni ile ya nzige ama ni ile ya mahindi ya manjano?"

Binamu mmoja akaingilia. "Mzee, usimuulize hivyo. Mtu ako na uchungu."

"Uchungu haijamkataza kuvaa kiatu mpya," mtu akasema nyuma, na watu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Sabuchifu akainua mkono. "Nyamazeni. Mzee Ogweno, wewe ni mtu mzima. Desturi unaijua. Kaburi ikiwa na wenyewe, shamba inarudi kwa wenyewe. Ignatius si mtu mbaya, amekubali kukupa pahali pengine."

"Wapi?"

Ignatius akapangusa macho yake kavu. "Kule chini, mzee. Pazuri kabisa. Karibu na mto."

Mto!

Gaudencia alikuwa kando ya nyumba yetu mpya anatwanga mtama. Kinu ikanyamaza. Akakuja na mchi begani kama askari.

"Nani amesema mto?"

"Mama," sabuchifu akaanza, "hii ni desturi..."

"Desturi ya nani? Ya vyura?"

Sasa watu hawakukohoa. Walicheka wazi. Hata Abdulnoor aligeuka akaangalia pikapu yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia Ignatius. Nilikuwa naona mto ile, naona nyumba yangu imesimama kwa maji mara nyingine tena, na Gaudencia anafunga nguo kwa leso.

"Ignatius, kama ni babu yako, ingia umsalimie."

Akarudi nyuma. "Kuingia kaburi ni laana!"

"Kwako ni laana. Kwangu ni shamba. Mimi naingia."

Watu wakasogea mbali na shimo, wote pamoja.

Sabuchifu akashusha sauti. "Mzee, fikiria. Ukikuta huko hata jino moja, unatoka hapa leo. Wewe, mama, na vitu vyenu. Na kondoo ya kutakasa ni yako."

"Nikikosa jino?"

Akaangalia Ignatius. Ignatius akaangalia kiatu.

"Ukikosa, shamba ni yako na mtu asirudie."

"Mmesikia wote?" nikauliza.

"Tumesikia!"

Sikuruka ndani kama mjinga. Shimo ya zamani inaweza kuwa haina pumzi, na mtu analala huko chini kama mtoto amenyonya. Wachimba visima wa Sio Port ndio walinifunza. Nikamwambia Gaudencia alete koroboi. Tukaiwasha, tukaifunga kwa kamba, tukaishusha. Moto ukayumba, ukawa mdogo, mdogo, nikasema basi. Halafu ukasimama.

"Inapumua," nikasema. "Sasa nani ananishikia kamba?"

Mtu hakuna. Binamu za Ignatius walikuwa wanaangalia mawingu. Vijana waliokuwa wanacheka wakakumbuka kazi nyumbani. Kushika kamba ya mtu anaingia kaburini, wewe ungeshika?

Nikasikia mlio wa nira. Opolot alikuwa amerudisha Dereva.

"Mimi sikuona kitu," akasema, bila kuniangalia. "Lakini kamba ninayo."

Akaifunga kwa nira. Dereva alikuwa amekataa kukanyaga pale, lakini kuvuta hakukataa. Alisimama miguu imepandwa chini, masikio mbele, kama ndiye ameitwa kusimamia baraza.

Gaudencia alinifunga kiunoni yeye mwenyewe. Fundo lake mimi nalijua, hata simba hawezi kulifungua.

"Ukifa huko chini," akanong'ona, "nitakufukua nikuue."

"Sawa, mama."

Nikashuka. Magoti yangu ya uzee ilikuwa inalia kuliko binamu za Ignatius. Mkono ukagusa ukuta, nikasikia pahali pamekatwa. Chini yake tena pamekatwa. Pahali pa kuweka mguu! Moja chini ya nyingine, mpaka huko chini.

Nikapiga kelele kutoka ndani, "Ignatius! Babu yako alizikwa na ngazi?"

Kicheko ikaingia ndani ya shimo kama mvua.

Chini kulikuwa na giza na harufu ya panya. Koroboi ilikuwa inaonyesha kitu kama nguo imelala. Nguo imelala chini ya ardhi, si ni mtu? Nikafikiria jino. Nikafikiria mto.

Nikanyoosha mkono, nikashika.

Ilikuwa mkonge. Gunia, imeoza, inavunjika kwa vidole kama mkate ya juzi. Na ndani ya gunia, punje. Nyingi. Nikaweka moja kwa meno, nikauma.

Nikavua kofia yangu, nikaijaza.

"Opolot! Mwambie Dereva arudi nyuma!"

Nilitoka hapo mwekundu kama tofali. Nilitembea mpaka mbele ya Ignatius na nikamwaga ile kofia yote kwa vile viatu vyake vinang'aa.

"Babu yako huyu hapa. Mkaribishe kikombe."

Abdulnoor akainama, akachukua punje moja, akaipuliza vumbi, akainusa. "Wallahi, hii ni kahawa."

Sasa kila mtu mwenye mvi akaanza kuitikia kwa kichwa, na kila mtu mwenye mvi akaanza kuangalia kando. Walijua wote. Zile miaka kahawa ilikuwa inavuka usiku kutoka Uganda, watu walichimba mashimo ya kuificha. Askari wakikuja juu ya ardhi hakuna kitu, kuku tu na mihogo. Magendo ikaisha, watu wakafunika, wakapanda mahindi, wakanyamaza. Na magogo ikabaki huko chini na mchwa.

Abdulnoor akasimama, akapangusa mikono. "Ignatius, ni hapa ulitaka kuniuzia niweke malori?"

Ignatius akainama, akaanza kupangusa viatu vyake.

"Uliniambia huyu mzee amekubali kurudi kwao. Uliniambia ardhi ni ngumu kama sakafu ya benki." Akanigeukia. "Mzee wangu, nisamehe. Lori yangu ikiwa na mzigo ingeingia hapa, ingetokea upande wa pili wa dunia."

"Nimekusamehe. Lakini hiyo malori peleka mbali."

"Mbali sana, baba."

Akaingia kwa pikapu. Ignatius akakimbia kushika mlango, "Boss, ngoja, boss!" Pikapu haikungoja. Alibaki na vumbi kwa mdomo. Binamu zake walikuwa wameshapotea ndani ya mahindi, uchungu umeisha.

Sabuchifu akanyoosha shati. "Neno ni neno. Shamba ni ya mzee Ogweno. Mtu asirudie."

Wajukuu wangu, nilicheza. Na kamba bado kiunoni, na Dereva upande ule mwingine wa kamba, nilicheza. Wamama wakapiga vigelegele. Nikaimba, nikasema maji imenikosa, chura imenikosa, Ignatius amenikosa! Nikampigia Dereva saluti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Gaudencia alikuwa amenifungua, na Opolot anakunja kamba. Anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Opolot, furahi basi! Umenisaidia!"

"Nimefurahi, mzee." Akaangalia nyumba yangu. Nyumba ya udongo, ukuta bado una unyevu, mabati yake inawaka jua. "Mzee, nani alikuonyesha pahali pa kujenga?"

"Ignatius. Alisema hapo palikuwa na boma zamani, udongo umeshikana."

"Palikuwa."

"Si basi?"

"Ilikuwa ya baba yake Ignatius." Mimi nilikuwa naona ile heshima ya mpaka inamvuta nyuma, na yeye anasukumana nayo. "Hiyo shimo ya shambani, mzee, ni ndogo. Hiyo walichimba ya kuweka kahawa ile inabaki. Wakati ile kubwa imejaa."

Ngoma ikanitoka miguuni.

"Ile kubwa iko wapi?"

Aliendelea kuangalia nyumba.

"Opolot! Umeniona nikikata miti. Umeniona nikisimamisha nguzo. Ulikunywa chai yangu hapo ndani! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema, na macho yake ilikuwa na machozi ya ukweli, si kama ya wale. "Na mimi ningeanza aje?"

Na ni kweli. Sikumuuliza. Nilimuuliza mvua, nilimuuliza kaburi, nilimuuliza habari ya watoto. Ningemkasirikia vipi mtu amenifanyia heshima ile ile mimi nilimfanyia?

Nikageuka kumwambia Gaudencia. Hakuwa hapo.

Alikuwa amesikia yote. Alikuwa tayari njiani anaenda nyumbani, na ule mchi wa kutwangia mkononi, anaupiga chini kila akikanyaga.

Ndi. Ndi. Ndi.

Sauti ya udongo mgumu. Nikamfuata nikivuta magoti.

Mlangoni, ndi. Akaingia. Kando ya mafiga, ndi. Kwa ukuta wa dirisha, ndi. Nikaanza kumshukuru Mungu. Akafika kando ya kitanda, akainua mchi, akaupiga.

Bum.

Kama ngoma. Vikombe kwa kabati ikajibu.

"Mama Maureen," nikasema pole pole, kama mtu anaongea na nyoka. "Toka nje."

"Sitoki."

"Mama, toka kwanza tuangalie."

"Nikitoka na vitu vyangu, jioni Ignatius atasema tumehama. Atalala hapa yeye." Akaweka mchi chini, akaketi juu ya kitanda. Juu ya kitanda, watu wa Mungu! "Maji ilinitoa, nikatoka. Vyura walinitoa, nikatoka. Nilibeba sufuria kichwani mbele ya watu mara ngapi? Sasa nitolewe na kahawa ya mtu mwingine? Leta jembe. Leta mtarimbo. Tutafungua, tutajaza. Shimo mtu anaweza kujaza, Ogweno. Ni ziwa tulishindwa."

Alikuwa hajaniita Ogweno tangu siku ya harusi.

Nilikuwa nimeshika mlango. Ningemvuta? Yule mwanamke? Na nimvute tuende wapi, huko kwa mto?

Nikavua viatu, vile nilivua siku ile ya kupima shamba. Nikaweka mguu mmoja ndani, nasikiliza kwa nyayo. Halafu mwingine. Sakafu ilikuwa vuguvugu, mpya, Gaudencia aliikandika yeye mwenyewe.

Hapo ndiyo nikaona. Kando ya mguu wa kitanda, udongo ulikuwa unateremka. Kidogo, laini, bila sauti, kama unga kwa chekeche. Na ule mguu ulikuwa unateremka nao.

Gaudencia aliona vile naangalia. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, nikaushika.

"Opolot," nikaita, bila kugeuza kichwa. "Leta Dereva hapa mlangoni. Na ile kamba."